Kila Ibara na Kovu Lake

Ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani pale haki zake zinapovunjwa. Inamtaka Jaji Mkuu atunge kanuni za kuendesha kesi hizo. Kisha inaongeza jambo linaloonekana kama la ziada: kutokuwepo kwa kanuni hizo hakumzuii mtu kufungua kesi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiuliza ni nani angefikiria kumnyima mtu haki zake kwa sababu tu Jaji Mkuu hajaandika kanuni.

Jibu ni kwamba jambo hilo lilitokea. Mwaka 1989 wakili Gibson Kamau Kuria, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewekwa kizuizini na baadaye akanyang'anywa pasipoti, alikwenda Mahakama Kuu kudai haki zake za kikatiba. Jaji Norbury Dugdale akaamua kwamba sura ya haki za binadamu haiwezi kutumika, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kuitekeleza. Haki zilikuwa zimeandikwa, zimepigwa chapa, na hazikuwa na njia ya kufikiwa.

Mwaka huohuo Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Jaji akawa huyohuyo. Akaamua kwamba Maathai hana haki ya kushtaki, kwa sababu hakuonyesha jinsi yeye binafsi alivyoumizwa kuliko watu wengine. Leo Ibara ya 22 inamruhusu mtu kushtaki kwa manufaa ya umma, na Ibara ya 70, inayohusu mazingira, inasema wazi kwamba mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kuwa yeye amepata hasara.

Tangu nilipogundua hilo sijaweza tena kuisoma Katiba ya 2010 kama kitabu cha sheria tu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katiba hii imejaa mishtuko ya namna hiyo. Ukikuta ibara inayotaja siku, idadi ya kura au jambo dogo kwa ukali usioeleweka, uliza nani aliumwa hapo, na lini.

Naandika haya kwa sababu rafiki zangu wengi, watu waliosoma na wanaosoma, wamefikia uamuzi kwamba Katiba ni karatasi tu. Wakubwa wakitaka, wanafanya. Sitaki kuwabishia kwa nyimbo za uzalendo. Nataka tuangalie jinsi karatasi ya kwanza ilivyouawa, kwa sababu namna ilivyouawa inatuambia kitu kuhusu uzito wa karatasi.

Katiba ya uhuru ya 1963 haikuwa dhaifu. Ilikuwa na mabunge mawili, Seneti ikiwa na maseneta 41. Ilikuwa na serikali za majimbo. Kuirekebisha kulihitaji asilimia 75 ya wabunge wote katika kila bunge, na kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, asilimia 90 ya maseneta. Waliokuwa wakihofia chama kikubwa cha KANU waliona wamejifungia mlango wa chuma.

Mwezi Novemba 1964 chama cha upinzani, KADU, kilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Hapakuwa na risasi wala amri ya dharura. Ila kufuli lote la 1963 lilikuwa limejengwa juu ya dhana moja: kwamba siku zote kutakuwa na watu ndani ya Bunge wenye sababu ya kusema hapana. Watu hao walipoondoka, asilimia 90 ikawa tarakimu tu. Mwaka uliofuata kiwango kikashushwa hadi asilimia 65. Kufikia mwisho wa 1966 Bunge lilikuwa limekubali kuifuta Seneti, na maseneta wenyewe waliunga mkono. Viti 41 viliongezwa katika bunge lililobaki ili wapate pa kukaa, na muda wa Bunge ukasogezwa hadi 1970. Kinga iliondolewa kwa kumlipa mlinzi.

Kufikia mwisho wa 1968 Katiba ilikuwa imerekebishwa mara kumi. Mojawapo inanikera hadi leo kwa sababu ilivaa nguo nzuri. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, na karibu wabunge 30 wakamfuata katika chama kipya, KPU. Serikali ikapitisha haraka mswada uliosema mbunge akihama chama kilichomchagua, apoteze kiti na arudi kwa wapiga kura. Ukiusikia bila kujua mwaka, utaukubali. Ni haki mwananchi aulizwe. Lakini wabunge wa KADU walipohamia KANU miezi 17 kabla, hakuna aliyewaambia warudi kwa wapiga kura. Uchaguzi mdogo ulifanyika Juni, na wengi wa waliohama hawakurudi bungeni. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kanuni ile bado ipo leo, katika Ibara ya 103. Nailinganisha na kisu cha jikoni: maneno yaleyale yanaweza kumlinda mpiga kura au kumkata mpinzani, kutegemea nani ameshika mpini.

Desemba 1975 Katiba ilirekebishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mahakama ilikuwa imemkuta Paul Ngei, mwandani wa Rais tangu siku za kifungoni, na hatia ya makosa ya uchaguzi, na sheria ilimzuia kugombea kwa miaka mitano. Bunge likampa Rais mamlaka ya kusamehe kosa la aina hiyo. Ngei akasamehewa, akagombea, akarudi. Leo Ibara ya 133 inataka msamaha wa Rais upitie kwa kamati ya ushauri. 

Miezi miwili kabla ya marekebisho hayo, Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa amekalia kiti, alisema jambo lililo dhahiri halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Walikaa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978, baada ya Mzee Jomo Kenyatta kufariki. Wenzao waliobaki walijifunza.

Hapa historia inageuka kwa namna ambayo mtunzi wa tamthilia angeona aibu kuibuni. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa wenye nguvu lilianza kampeni ya kubadilisha Katiba. Shabaha yao ilikuwa kifungu kilichosema Rais akifariki, Makamu wake ashike madaraka kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, nao hawakumtaka. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa la jinai. Kampeni ikafa. Tarehe 22 Agosti 1978 Kenyatta alifariki Mombasa, Moi akaapishwa siku hiyohiyo, na mkabidhiano ukapita kwa amani.

Kwa maneno mengine, Moi aliingia madarakani kwa sababu kifungu cha Katiba kilisimama. Hakuna kiongozi wa Kenya aliyedaiwa fadhila kubwa zaidi na karatasi ile.

Mwezi Juni 1982, baada ya kusikika kwamba Odinga na George Anyona wanataka kuunda chama, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A: Kenya itakuwa na chama kimoja tu, KANU. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali waliondolewa ulinzi wa kazi zao, hivyo Rais angeweza kuwafukuza apendavyo. Mwaka 1988 zamu ikawa ya majaji. Marekebisho hayohayo yaliongeza muda ambao polisi wangeweza kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la kifo kabla ya kumfikisha mahakamani, kutoka saa 24 hadi siku 14.

Mtu asiye mwanasheria anaweza kuona ulinzi wa kazi ya jaji kama marupurupu ya wakubwa. Kesi moja ya 1987 ilinifundisha vingine. Mwanamume mmoja alikamatwa na polisi Nairobi na hakurudi. Mkewe akaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya zamani sana, ile inayoitaka serikali imlete mtu iliyemshika mbele ya jaji, akiwa hai au maiti. Polisi wakasema alipigwa risasi akijaribu kutoroka, na kwamba amezikwa Eldoret. Jaji Derek Schofield akasema basi mwili uletwe. Makaburi yakafukuliwa moja baada ya jingine, mwili haukupatikana. Jaji alipozidi kuwabana maofisa wa polisi, aliondolewa kwenye kesi na kupewa uhamisho kwenda Meru. Akajiuzulu.

Schofield alikuwa bado na ulinzi wa kazi kwa maandishi. Hakufukuzwa, alisogezwa tu. Hata hivyo, mwaka uliofuata serikali iliona haja ya kuondoa hata maandishi yale. Fikiria hilo kidogo. Serikali iliyokuwa na polisi, magereza, na vyumba vya mateso chini ya Nyayo House, na bunge ambalo mwaka huohuo wa 1988 lilichaguliwa kwa wapiga kura kupangwa mlolongo hadharani, bado ilijisumbua kupeleka mswada bungeni ili kubadilisha sentensi chache. Kama Katiba ilikuwa karatasi tu, kwa nini kujisumbua?

Nimefikia jibu langu. Mtawala wa kimabavu anahitaji watu wengine wamtii: karani asaini, ofisa wa gereza afungue lango, jaji afunge faili. Kila mmoja wao anaogopa siku ya kesho. Maandishi yanampa yule anayetaka kukataa mahali pa kusimama, na yanamnyima yule anayetii kisingizio cha kwamba hakuwa na njia nyingine. Ndiyo maana wakubwa huanza na karatasi. Kufuli lisilofaa kitu haliibiwi ufunguo.

Angalia pia mpangilio. Wananchi wengi wanapowaza dikteta wanawaza wanajeshi redioni alfajiri. Kenya ilionja hilo mara moja, Agosti 1982, na jaribio likashindwa siku hiyohiyo. Kilichofaulu ni miswada ya mchana, iliyosomwa kwa sauti na kupigiwa kura na watu waliovaa suti. Mpinzani aliondolewa kwanza, kisha bunge la pili, kisha mkaguzi wa hesabu, kisha jaji. Hakuna hatua hata moja iliyovunja sheria.

Kurudi nyuma kulichukua miaka 20. Saba Saba ya 1990 ililetwa na watu waliopigwa barabarani, na Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa tayari wametiwa kizuizini siku chache kabla. Ulinzi wa kazi za majaji ulirudishwa mwaka huo. Desemba 1991, baada ya wafadhili kusimamisha misaada, kifungu cha 2A kilifutwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika kona moja ya Uhuru Park. Polisi walipowavamia kwa virungu, baadhi yao walivua nguo, laana nzito kuliko zote ambazo mama anaweza kumtupia mwanawe. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wale wote walikuwa huru. Ukomo wa mihula miwili uliingia katika Katiba 1992, na kwa sababu hiyo Moi alikabidhi madaraka Desemba 2002. Bado ilibidi rasimu moja ikataliwe katika kura ya maoni ya 2005, na zaidi ya watu 1,100 wafe baada ya uchaguzi wa 2007, ndipo Katiba mpya ikapitishwa Agosti 2010. Ilitangazwa Uhuru Park, bustani ileile ambayo Maathai aliambiwa haimhusu.

Sasa zisome ibara tena. Ibara ya 49: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hizo ni siku 14 za 1988 zinazojibiwa. Ibara ya 25 inataja mambo manne ambayo hayawezi kuwekewa mipaka kwa sababu yoyote, na mojawapo ni ile amri aliyoiomba mke wa 1987. Ibara ya 168 inataka jaji aondolewe kupitia jopo maalumu. Ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu muhula mmoja wa miaka minane, asiwe na sababu ya kumbembeleza mtu amwongeze muda. Ibara ya 58 inaipa hali ya hatari siku 14, na kuiongeza mara ya kwanza kunahitaji theluthi mbili za Bunge la Kitaifa, baada ya hapo robo tatu. Na Ibara ya 255 inasema mihula ya Rais, haki za binadamu na uhuru wa Mahakama havibadilishwi na Bunge peke yake. Lazima wananchi wapige kura. Waandishi wake walikumbuka wale maseneta 41 na kiti walichoahidiwa.

Tofauti hiyo ya mwisho si ndogo. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo iliweka mihula miwili, lakini ufunguo ulibaki bungeni. Mwaka 2005 Bunge liliondoa ukomo huo. Mwaka 2017 likaondoa ukomo wa umri wa miaka 75, baada ya vurugu ambazo maofisa wa usalama waliingia ukumbini na kuwatoa wabunge. Ibara mbili zilizosema jambo lilelile katika nchi mbili jirani zilikuwa na nguvu tofauti, kwa sababu ya swali la nani anatunza ufunguo.

Katiba ya 2010 imeshajaribiwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa Rais kwa kura nne dhidi ya mbili. Rais Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wakora, lakini aliheshimu uamuzi na uchaguzi ukarudiwa. Mwezi Oktoba, usiku wa kuamkia kesi ya dharura ya kuusimamisha uchaguzi huo wa marudio, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Asubuhi majaji wawili tu walifika kortini kati ya watano waliohitajika, na kesi haikusikilizwa. Mambo hayo mawili yalitokea katika mahakama moja, chini ya ibara zilezile, ndani ya miezi miwili. Yeyote anayetaka kusema Katiba inatosha, au haifai kitu, aeleze yote mawili.

Mwaka 2021 Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, zilisimamisha mpango wa BBI wa kuibadilisha Katiba. Machi 2022 Mahakama ya Juu ilipunguza baadhi ya hoja zao, lakini ikakubali moja kubwa: njia ya mswada wa wananchi ni ya wananchi, na Rais hawezi kuitumia kana kwamba naye ni mwananchi wa kawaida anayekusanya saini. Katikati ya mvutano huo Rais alikataa kuwateua majaji sita waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, wawili kati yao wakiwa katika jopo la Mahakama Kuu lililoisimamisha BBI. Mahakama ziliamuru wateuliwe. Aliondoka madarakani bila kuwateua, na walingoja hadi mrithi wake alipowaapisha Septemba 2022. Katiba ilisema Rais anateua kwa mapendekezo ya Tume. Haikusema nini kitatokea akikaa juu ya majina. Hakuna aliyekuwa ameumwa hapo kabla.

Huu ndio upungufu wa kinga iliyojengwa kwa makovu. Inajua kila kona ambayo nyoka wa jana alipitia, na nyoka wa leo ana kona zake. Juni 2024 vijana wa rika letu waliingia barabarani dhidi ya Mswada wa Fedha wakiwa na Ibara ya 37 kwenye simu zao, ile ya haki ya kuandamana. Makumi waliuawa. Katika miezi iliyofuata wengine walichukuliwa na watu wasiovaa sare, katika magari yasiyotambulika. Ibara ya 49 inahesabu saa 24 tangu mtu akamatwe. Lakini mtekaji haandiki jina lako katika kitabu cha matukio kituoni, hasemi wewe ni mshukiwa, na saa haianzi kuhesabiwa.

Mawakili na familia zao walirudi mahakamani kuomba amri ileile iliyoombwa 1987: mlete mtu huyu mbele ya jaji. Majaji walitoa amri hizo na kuwaita wakuu wa polisi wajieleze, na hakuna jaji aliyehamishiwa Meru kwa kufanya hivyo. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na yaligharimu. Lakini ipo sentensi ambayo bado haimo katika Katiba, inayohusu saa inayoanza kuhesabiwa pale mtu anapotoweka, hata kama hakuna ofisa anayekiri kumshika. Siku moja mtu ataiandika. Mwanafunzi wa miaka hiyo ataisoma na kujiuliza kwa nini jambo la wazi namna hiyo lilihitaji ibara nzima.